Kura ya Mama Kuhamia Woodley

Mama alipopata kitambulisho kipya, hakuna mgeni aliyemaliza chai kwake bila kuonyeshwa. Kile cha zamani kilikuwa kimefifia hadi picha ikabaki kivuli cha mtu aliyejifunga kitambaa, na kila alikokitoa alitazamwa mara mbili. Nilimpeleka mjini kuomba kingine, na kilipokuwa tayari tukarudi kukichukua. Alivaa suti yake ya bluu ya akina mama wa kanisa, utadhani anakwenda kubatizwa upya. Tulipotoka alikataa kurudi nyumbani kabla hatujaketi mahali tunywe chai kwa mandazi. Hapo ndipo alipoisogeza kadi mbali na macho, akasoma polepole kila kilichoandikwa, mpaka akafika palipoandikwa ilikotolewa. Ya kwanza ilitolewa magharibi, kijijini kwa Baba. Hii ilitolewa Nairobi.

"Sasa mimi ni wa hapa," alisema. "Hata serikali imekubali."

Nilicheka, nikamalizia mandazi yake. Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Kumbe alilimaanisha neno lile lote, na lilikuja kutusumbua wakati wa kura.

Ukimuuliza mtu wa upande wetu aliyezaliwa Nairobi kwao ni wapi, atakutajia kijiji ambako hulala wiki moja kwa mwaka, Desemba, akilalamikia vumbi na mtandao. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa Nairobi, mtaa wa Woodley, katika nyumba ya mawe ya baraza la jiji aliyopewa Baba alipokuwa fundi wao wa mabomba, na bado nikiulizwa hutaja kijiji. Ulimi umeshazoea. Lakini kwa Baba haikuwa mazoea tu. Nairobi palikuwa pa kazi. Mazishi yalikuwa ya nyumbani, na kura pia ilikuwa ya nyumbani, na mtu aliyetaka kubishana naye juu ya hilo alikuwa na kazi.

Mimi nilibishana. Nilipofikisha umri nilijiandikisha hapa hapa, katika shule ya msingi iliyo karibu na kwetu, ile niliyosomea. Baba alininunia mpaka Jumapili ikapita. Sikumbembeleza. Hasira zangu nimezirithi kwake, kwa hiyo alijua anapambana na nini.

Mama hakubishana. Yeye alijiandikisha na mumewe kijijini, likizo moja ya Krismasi, wamefuatana kama watu waendao harusini. Kilichofuata ni kichekesho, ingawa hakuna aliyewahi kukicheka. Mama alikuwa mfagiaji katika ile shule yetu, tena ndiye aliyepika chai ya walimu. Kila uchaguzi shule inageuka kituo cha kura. Baba alipanda basi kwenda kupiga kura nyumbani, na Mama akabaki, kwa sababu nani angefungua madarasa? Yeye ndiye aliyetoa madawati nje, akafagia, akapanga meza za makarani, akafuta ubao ulioachwa na hesabu za darasa la nne. Asubuhi alichemsha chai ya sufuria kubwa na kuipitisha chumba hadi chumba. Watu wa mtaa mzima walipita mbele yake wakapiga kura, mimi nikiwa mmoja wao, kisha wakatoka nje na kidole chenye wino. Mama akafagia tena.

Kura yake ilikaa kijijini kama sahani za wageni zinavyokaa kabatini. Mwaka ambao Mama alistaafu, kabla ya uchaguzi uliofuata, Baba akafariki. Tulimzika kwao. Siku ya kura ya mwaka ule Mama alikuwa bado anavaa nguo za matanga, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Sasa turudi kwa kitambulisho. Mimi hushona vitambaa vya makochi, Dagoretti Corner, katika safu ya vibanda vya maseremala. Seremala jirani yangu hutengeneza fremu, mimi huzivisha. Siku moja alikuja kibandani na simu mkononi, amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa ameangalia jina lake kwenye sajili ya wapigakura kwa kutuma namba ya kitambulisho, na ujumbe ukamjibu papo hapo.

"Sista, si ucheki yako pia? Usingoje siku ya kura ndio uambiwe hauko."

Nikaangalia yangu. Ilikuwepo, shule yetu ile ile. Namba ya kitambulisho cha Mama naijua kwa kichwa, maana mimi ndiye humjazia karatasi za hospitali, kwa hiyo nikatuma na yake. Jibu lilipokuja nililisoma nikiwa nimeshika pini mdomoni. Jina lake lilikuwepo. Kituo kilikuwa shule ya kijijini, mwendo mfupi kutoka kaburi la Baba.

Nilimpigia hapo hapo. Mama alisikiliza, kisha akasema kwa utulivu kwamba simu yangu imekosea.

"Hiyo ni ya kitambo. Mimi nilibadilisha. Si tulienda na wewe town?"

Ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa ameamini kwamba kitambulisho kikihamia Nairobi, kura nayo imehama. Alikuwa ameshawaambia wenzake wa kanisa kwamba mwaka huu hatapanda basi la mtu, atapiga kura pale pale shuleni. Alikuwa hata ameshachagua viatu. Na kwenye redio walikuwa wametangaza kwamba kuhamisha kituo kunafungwa Ijumaa ya wiki ile.

Kesho yake nilimchukua tukaenda ofisi ya uchaguzi ya eneo letu. Nakiri nilikwenda nimevimba. Usiku kucha nilikuwa nimejipanga maneno ya kumwambia yeyote nitakayemkuta mezani, kwamba watu wa serikali hawazungumzi wenyewe kwa wenyewe, kwamba kadi inatolewa huku na jina linabaki kule. Tulimkuta msichana mpole, amefunga nywele kwa utepe. Nikaanza. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, kisha akamgeukia Mama.

"Mama, ID ni ya kuonyesha wewe ni nani. Kura unasema wewe mwenyewe unataka kupiga wapi. Hizo ni vitu mbili. Haijaharibika. Tunaweza kuihamisha sasa hivi, ni fomu moja tu na vidole."

Maneno yangu yote mazuri yakabaki bila kazi. Nikamsogezea Mama kiti. Lakini Mama hakuketi. Alikuwa amekishika kitambulisho chake kwa mikono miwili, anakitazama kama mtu aliyeuziwa kitu nusu.

"Nitakuja kesho," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kesho ilikuwa Alhamisi. Nje ya ofisi nilimwuliza anangoja nini, na sauti yangu haikuwa ya mtoto anayezungumza na mamake. Alinitangulia mpaka nyumbani, akavua viatu, akaketi.

"Sitahama kwa watu kama mwizi," akasema. "Lazima niwaambie."

Hao watu walikuwa ni baba mdogo, mdogo wake Baba, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa boma. Kwetu mjane haondoi kitu katika boma la mumewe kimyakimya, hata kama kitu chenyewe ni chake. Na kulikuwa na jambo jingine: mwaka ule baba mdogo alikuwa anagombea kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, kule nyumbani. Alikuwa amekwisha kutuambia kwamba basi litakuja kuwabeba watu wetu wote wa Nairobi walioandikishwa kule, na kila mmoja alikuwa amehesabiwa. Mama alikuwa wa kwanza katika hesabu hiyo, kwa sababu palipo na mke wa kaka mkubwa, wengine hufuata.

Nilimwambia ajaze fomu kwanza, aseme baadaye. Nilimwambia baba mdogo hataishi Woodley kwa niaba yake. Nilisema mengi. Mama akaniambia nimtafutie namba na niweke sauti itoke nje, kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri kwenye simu.

Walisalimiana kwa urefu. Mvua, ng'ombe, goti la Mama, kikohozi cha mke wa baba mdogo. Nilikuwa natafuna kucha. Kisha Mama akasema.

"Shemeji, nimekupigia nikwambie kitu kabla usikie kwa wengine. Nataka kutoa kura yangu huko niilete hapa ninakaa."

Nilisikia jogoo wa kule akiwika.

"Shemeji," baba mdogo alisema mwishowe, "hiyo kura ndugu yangu ndiye aliiweka hapa. Kaburi yake iko hapa. Watu wataniuliza, hata mke wa ndugu yako amekukataa?"

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nilijua ndiyo Mama aliyokuwa akiyaogopa tangu ofisini. Nikanyoosha mkono nichukue simu. Mama akaupiga kofi bila kunitazama.

"Kaburi ninaijua," alisema. "Kila Desemba nani huing'olea nyasi? Ni mimi, na goti hii. Na nitakuja tena Desemba. Lakini shemeji, mtaro wenye umeziba mbele ya mlango yangu hauko huko kwako. Ukiwa MCA huwezi kuja kuuzibua. Mimi nimefungulia watu wa hapa mlango wakapiga kura, nimewapikia chai, nikarudi nyumbani bila wino kwa kidole. Kaka yako alikuwa anapenda kura yake. Mimi pia nataka yangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akisema neno "nataka" mara mbili kwa wakati mmoja. Aliyesema alikuwa ameketi kwenye kochi nililolishonea mwenyewe kitambaa, miguu mitupu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Mimi nimekuwa nikipiga kelele tangu utotoni nikidhani ndio ushujaa. Siku ile nilijivunia kuwa mtoto wake.

Baba mdogo alivuta pumzi. Si mtu mbaya. Akasema, "Sasa shemeji, kama umenipigia mwenyewe, nitasema nini? Ningesikia kwa watu ningekasirika sana." Akacheka kidogo, cheko la mwanasiasa anayeondoa namba moja kwenye hesabu yake. "Basi uniombee."

"Kuomba nitakuombea. Hiyo haihitaji kituo."

Alhamisi tulirudi. Msichana wa utepe alitukumbuka. Alimwuliza Mama kwa nini anataka kuhama, na Mama akajibu kwamba anaishi hapa. Msichana akasubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mama akaweka vidole mmoja mmoja kwenye mashine, akatazama kamera bila kutabasamu, akapewa kipande cha karatasi akakifunga ndani ya leso.

Kisha tukangoja. Kungoja si kazi yangu, sikuipata kwa yeyote. Kila nilipomaliza kushona kitambaa nilituma tena namba ya Mama, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: shule ya kijijini. Wiki zilipita. Nilikwenda Muthangari kufunga vitambaa vya makochi kwa mteja, nikatuma nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwake, sindano kwenye kola. Kijijini. Seremala jirani alinicheka kwamba nitaichakaza ile namba.

Mama hakuuliza. Lakini niliona ameacha kuwaonyesha wageni kitambulisho. Siku moja mwenzake wa kanisa alimwuliza kama bado atapiga kura shuleni, na Mama akamjibu, "Mungu akipenda," akaondoka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa jikoni. Niliogopa kwa ajili yake. Alikuwa amekwisha kuagana na kule. Kama jina lisingefika huku, mwaka ule asingekuwa na pa kupiga kura popote, na kwa umri wake sikupenda kufikiria uchaguzi utakaofuata.

Ndipo likatangazwa zoezi la kuhakiki sajili. Makarani wangeketi katika kila kituo na mashine, uende mwenyewe, uweke kidole, uone kama uko. Mama aliitoa ile suti ya bluu tena.

Tulikwenda kwa miguu, polepole kwa sababu ya goti. Langoni kulikuwa na bawabu mgeni, kijana wa miraba minne, asiyemjua.

"Shosho, unatafuta nani?"

Kwa kawaida Mama huwaambia vijana wa Nairobi kwamba yeye si nyanya wala shosho wa mtu. Siku ile hakujali. "Sitafuti mtu. Nimekuja kujiangalia kama niko."

Makarani walikuwa wameketi darasa la kwanza kushoto, mlango ambao nimemwona Mama akiufungua mara nyingi kuliko wa nyumbani kwetu. Alisimama kizingitini kidogo. Sakafu ilikuwa na vumbi na maganda ya njugu, na nilimwona akiyatazama. Alipita juu yake kama mgeni, akaenda mezani.

Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alimwambia aweke kidole gumba. Mashine ikafikiri. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake kwa nguvu hadi nikasikia mswaki wake wa safari ukivunjika ndani, ule anaoubeba kila mahali tangu alipolazwa hospitali. Mama alikuwa ametulia, anatazama ukutani, mahali ambapo zamani alikuwa akiacha ufagio.

"Uko, shosho," karani alisema, akageuza mashine ili aone. Picha yake ilikuwepo, ile asiyotabasamu. Chini yake jina lake, na chini ya jina, shule yetu.

Mama aliinama akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtoto mvua imeacha, "Niko."

Sikuweza kujizuia. Nilifuta macho kwa mkono wa sweta, na karani akajifanya anatafuta kalamu. Mimi hulia nikikasirika, huo ndio mtindo wangu, lakini machozi yale hayakuwa ya hasira. Nilijivunia mama yule mpaka nikataka kwenda kumtikisa bawabu nimwambie ni nani aliyepita langoni kwake.

Karani, kwa wema wake, akamwambia asiwe na wasiwasi kuhusu siku yenyewe. "Wazee hatuwapangishi laini. Ukifika, unapelekwa mbele, unapiga, unaenda zako. Hata dakika kumi huwezi maliza."

Mama alikuwa ameanza kugeuka kwenda. Alisimama.

"Nani amesema mimi sitapanga?"

"Ni sheria, shosho. Ni ya kuwasaidia."

"Nashukuru kwa hiyo sheria. Wape wale wanaitaka." Akaegemea meza, akamweleza taratibu, bila ugomvi. "Mimi hiyo laini naijua. Nimeiona kutoka ndani hapa nikipitisha chai. Inatoka kwa huu mlango, inazunguka choo cha walimu, inafika kwa geti, inaenda mpaka barabarani. Watu wanapiga story, wanashikiana nafasi, wanagawana maembe. Nimeiangalia miaka yote na sijawahi simama ndani yake. Sasa leo ndio umeniambia niko, halafu unataka nipite kando?"

Karani alivua miwani, akaivaa tena. Akasema, "Sawa, mama." Hakumwita shosho tena.

Tulipotoka nilimkumbusha goti. Nilimwambia kwamba laini ile ni ndefu, jua la Agosti linaweza kuwa kali au baridi ikawa kali zaidi, na kwamba walau nitambebea stuli. Alikuwa anatembea mbele yangu akipita choo cha walimu, akifuata kwa miguu yake pale laini itakapopita, mpaka getini, mpaka barabarani. Hapo alisimama akageuka kutazama shule.

"Stuli uache kwa nyumba," alisema. "Wewe simama nyuma yangu. Ukiona nimechoka, nyamaza."

Nikasema sawa.